Kama tunamufunga Shetani kila Ijumaa, ni nani anamufunguaka?

Mwalimu_wa_Ekodim (Goma)

Yesu asifiwe bapendwa. Niko hapa Ndosho, nafundishaka Ekodim (masomo ya batoto ku kanisa kila Jumapili), batoto ba miaka 9 mpaka 13, na hii siku ya Mungu ilipita banishinda kabisa. Tulikuwa tunasoma Ufunuo 20, tukafika pale malaika anashuka na ufunguo na munyororo mukubwa mu mukono, anamushika ule joka, anamufunga miaka elfu, anamutupa mu kuzimu, anatia muhuri juu. Mutoto moja wa miaka 11, ule wa maswali (kila klasi iko na wake), akainua mukono: "Mwalimu, ku mukesha wa Ijumaa tunamufungaka Shetani. Ijumaa ingine tunamufunga tena. Katikati ya pale ni nani anamufunguaka?"

Bote bakacheka, na mie nikacheka, nikasema tutaongea siku ya Mungu inakuja. Alafu mwingine akaongeza yake ati ile ziwa la moto ni ile iko pale juu ku mulima ya moto Nyiragongo, bibi yake alimuambia roho mbaya njo zinaendaka kule, tena alishaiona na macho yake mwaka 2021 vile tulikimbia na magodoro ku kichwa njia ya Sake. Ile nayo sikujibu.

Sasa nimetafuta jibu juma nzima na kichwa inazunguka. Pasta wetu anasema Shetani hayafungwa bado, atafungwa siku Yesu atarudi, kwanza unyakuo (bakristo bananyakuliwa mbinguni), alafu dhiki miaka 7, alafu Yesu anatawala miaka elfu hapa hapa duniani. Nikauliza mama yangu, yeye ni Mukatoliki wa kweli kweli, wa Lejio ya Maria na yote, akaniambia padri alibafundishaka kama Shetani alishafungwa tangu musalaba na hatuko tunangoja miaka elfu yoyote, tuko ndani yake. Alafu jirani ni Musabato, akaniambia bote babili banakosa, miaka elfu itapita juu mbinguni na hapa duniani hakutabakia hata mutu moja.

Donke Biblia ni moja, mistari ni kumi, na majibu tatu. Na mie swali yangu ya mie, naiuliza na heshima: kama alishafungwa, hii yote tunaonaka hapa Kivu tangu niko mutoto, na tena Januari 2025 vile M23 iliingia Goma, ni ya nani? Nisaidieni mbele ya siku ya Mungu, ule mutoto hasahauke.

Lushois_Kenya (Lubumbashi)

Bwana asifiwe dada. Miye niko Lubumbashi, komini Kenya, nilizaliwa mu kanisa ya Garenganze, nkambo yangu alikuwa muzee wa kanisa kule, basi hii mambo tuliikulia.

Pasta wako eko sawa, na sababu si muzito. Soma Ufunuo 19 mpaka 20 bila kusimama, kama vile unasoma barua ya muntu. Ku 19 Yesu anatoka mbinguni juu ya farasi mweupe, mnyama na nabii wa uongo banatupwa mu ziwa la moto. Sasa paka njo inafuata ya 20, Shetani anafungwa. Moja nyuma ya ingine. Weye utatosha 20 utaipeleka nyuma ya musalaba, utafanya namna gani? Na Yohana anasema "miaka elfu" mara sita mu mistari sita, wa 2 mpaka wa 7. Mara sita! Kama muntu anakuambia mara sita deni yake ni dola elfu, utamuambia ati ile elfu ni mfano?

Alafu ile ya kusema alishafungwa, mbona Petro anaandika ati mushitaki wenu Ibilisi, kama simba anayenguruma, anazungukazunguka akitafuta mutu ammeze? Ile ni 1 Petro 5:8, na aliandika nyuma ya musalaba, si mbele. Paulo naye ku 2 Wakorinto 4:4 anamuita mungu wa dunia hii. Simba ya kufungwa haizungukake.

Na usisahau Isaya 65:20, mutoto anakufa na miaka mia moja. Mbinguni hakuna kufa, na leo hakuna muntu anaitwaka mutoto na miaka mia. Basi iko wakati moja katikati, wakati ya amani lakini kifo ingali, na ile wakati njo miaka elfu.

Haya mafundisho hayakuanguka hapa Katanga na parashuti. Misionari Arnot alifika Bunkeya kwa mwami Msiri mwaka 1886, alikuwa wa ile kundi ya Bandugu (Plymouth Brethren), na Bandugu njo benye kusoma Ufunuo vile. Bankambo betu balikuwa banaikala na mavalizi tayari, na si kwa mfano. Kwa hii swali ya Kivu dada, jibu yangu ni fupi: eko huru, njo maana unaona vile unaona.

Frère_wa_Kadutu (Bukavu)

Tumsifu Yesu Kristu kwa wale wa kwetu, shalom kwa wengine. Nilisomaka filozofia na kidogo ya teolojia kwa mapadri kabla nione njia yangu ni ingine (niko na bibi na batoto bane leo, Mungu anajua mipango yake), kwa hiyo nitajaribu kumutetea mama yako.

Lakini kwanza kitu moja kwa ndugu wa Lubumbashi, na nasema bila ugomvi. Umechanganya vitu viwili ndani ya sufuria moja. Kungoja Yesu atawale miaka elfu duniani, hiyo ni ya zamani sana, karne ya pili mwalimu wa kanisa Justin alikuwa anaiamini, na Irenaeus, na Papias ambaye alisema mizabibu itakuwa na matawi elfu kumi kila moja na kila zabibu itatoa mvinyo mapipa na mapipa (Wapentekoste mujitayarishe). Lakini ile ya unyakuo wa siri, alafu miaka 7, alafu ndiyo kurudi kwa wazi, hiyo hautaikuta kwa Justin wala Irenaeus. Inatoka kwa Darby, Mwingereza wa miaka ya 1830, tena ni wa hao hao Ndugu wa Arnot, na ikatembea dunia nzima ndani ya Biblia ya Scofield ya mwaka 1909, ile yenye maelezo chini ya ukurasa, watu wakasoma maelezo wakadhani ni mustari. Na hata Justin, pale anasema yeye anaamini miaka elfu, anakubali hapo hapo kwamba Wakristu wengi wa imani safi hawaoni vile. Karne ya pili! Kwa hiyo dada, usijione mujinga, haya majibu tatu yako yana wazee wao.

Sasa Agostino. Watu wanamuweka kati ya Wazungu, lakini alikuwa Mwafrika, askofu wa Hippo, leo ni Annaba kule Algeria. Mwanzo na yeye alikuwa anaamini miaka elfu ya duniani, anasema mwenyewe, kisha akaiacha, sehemu moja juu alichoka na watu waliokuwa wanaiota kama karamu ya kula na kunywa. Alipokea msaada kwa Mwafrika mwenzake Tyconius, tena huyo hakuwa hata wa kanisa yake. Ndani ya kitabu chake cha Mji wa Mungu, sehemu ya 20, anaanza na Matayo 12:29: huwezi kuingia nyumba ya mtu mwenye nguvu kuchukua vitu vyake kama haujamufunga kwanza. Yesu alisema vile wakati anatoa pepo, hakusema nitamufunga, alikuwa anaeleza kazi ameshaanza. Na neno la Kigiriki la kufunga pale Matayo ni lile lile la Ufunuo 20.

Na sasa musome vizuri mustari wa 3, amefungwa ili asifanye nini? Haikuandikwa asiue, haikuandikwa asijaribu watu, iliandikwa "asipate kuwadanganya mataifa tena". Mbele ya Yesu mataifa yote yalikuwa gizani, Israeli peke ndio walikuwa na taa. Leo Injili iko Bukavu, iko Goma, iko Kalemie, mutoto wa miaka 11 Ndosho anasoma Ufunuo na anauliza swali ya kushinda mwalimu. Ile kamba imekamata kitu. Mufungwa anaweza kuwa gereza na bado ana telefone, anatuma watu wake mujini usiku, tunajua hiyo hadisi wote. Amefungwa, lakini unasikia mukono yake.

Na kuhusu Kivu. Watu wanafikiri Agostino alisema Shetani amefungwa juu alikuwa anakaa kwa amani, anakunywa chai. Roma iliangushwa na Wagoti mwaka 410, kile kitabu alianza kukiandika juu ya ile. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 430 na Wavandali wamezunguka muji wake, watu wanakimbilia ndani, anakufa ndani ya siege. Alijua sauti ya ile kitu tunayoijua. Na hakufuta ile ukurasa.

Lushois_Kenya (Lubumbashi)

Frère, ile ya telefone ni nzuri, nimecheka, lakini soma tena. Shimo. Imefungwa. Juu kuna muhuri. Mu ile shimo hakuna rezo! Kama Yohana alitaka kusema bamepunguza tu kamba, angesema kamba. Aliandika kila kitu muntu anaweza kuandika ili ujue huyu hatoke.

Na iko kitu ingine haukugusa. Mustari wa 4, benye kukatwa vichwa "wakawa hai", wa 5 wafu waliosalia hawakuwa hai mpaka miaka elfu. Neno ni moja mu Kigiriki. Banyi munasema ya kwanza ni kufufuka kwa roho, ya pili ni kufufuka kwa mwili. Neno moja, mistari mbili, maana mbili? Mukuyu moja haizae mukuyu na embe.

Frère_wa_Kadutu (Bukavu)

Hapo umenikamata kidogo, ile ya neno moja ni hoja yenu yenye nguvu na siwezi kudanganya. Jibu letu ni Yohana 5. Mustari wa 25 wafu wanasikia sauti ya Mwana na wanaishi, "saa inakuja, na sasa ipo", kisha 28 na 29 walio makaburini wanatoka. Ufufuko mbili karibu karibu, moja ya sasa ya roho, ingine ya mwisho ya mwili, na mwandishi watu wengi wanasema ni huyo huyo Yohana. Si ushahidi wa kufunga mdomo ya mutu, lakini inaonesha haikuwa ajabu kwake. Kwa muhuri... ngoja nifikiri.

Komersa_Virunga (Goma)

Mie napita tu. Mbona wote munamufunga na kumufungua hapa na bei ya mafuta haishuke 😂 Endeleeni bapendwa, nasoma.

Sabato_Njema (Goma)

Sabato njema mbele ya saa. Dada mwalimu, jirani yako alisema kweli ila alisema haraka, acha nikueleze polepole maana watu wanatuchekaka ati tumetuma Shetani likizo.

Sisi tunaamini Yesu anarudi mbele ya miaka elfu, hapo tuko pamoja na Lubumbashi. Lakini akirudi waovu wanakufa na mwangaza wake, watakatifu wanaenda naye mbinguni, hapa chini hakuna mutu. Soma Yeremia 4:23 mpaka 26: nchi ukiwa na utupu, hakuna mutu, ndege wamekimbia, miji imebomoka. Yale maneno ukiwa na utupu ni ya Mwanzo 1:2. Na wale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, pale Mwanzo 1:2 penye "vilindi" waliweka neno abusso, ndilo Yohana anatumia kwa ile shimo. Kwa hiyo shimo ni hii dunia yenyewe, imebakia kama mwanzo. Munyororo si ya chuma, anafungwa juu hana mutu wa kudanganya. Fikiri komersa soko ya Virunga asubui ya salongo (kazi ya wote ya kusafisha muji), uko na bidhaa yako, umepanga vizuri, mununuzi hakuna hata moja. Utamudanganya nani na bei? (Komersa usikasirike.) Ndiyo kama yule mbuzi wa Walawi 16, wa Azazeli, anapelekwa jangwani na dhambi kichwani.

Na huku juu watakatifu wanaangalia hukumu, 1 Wakorinto 6:2 na 3, hata malaika tutahukumu. Ni wakati wa kufungua vitabu na kuuliza Mungu kwa nini fulani hayuko hapa. Mie nasemaka hiyo ndiyo sehemu ninaipenda, maana maswali niko nayo.

Walioanza kwetu walikosea tarehe, 22 Oktoba 1844 watu walingoja na Bwana hakuja, hatufichi. Tangu pale tulijifunza kusoma bila kuweka tarehe.

Muzee_wa_Masisi (Goma)

Batoto bangu, nawasoma na miwani yangu na ninaona munaongea kama hii miaka elfu ni mambo ya kitabu. Kwetu iliwahi kutembea na miguu.

Munajua ile dini ya Kitawala? Jina lile ni Watch Tower, watu wakalivuta na ulimi mpaka likawa letu. Ilitoka kusini, Nyasaland na Rodezia, ikaingia Katanga na wafanyakazi wa mine, maana mine ilikuwa inakusanya watu wa kila kabila, na habari inatembea pamoja na wao. Ujumbe ulikuwa: huu ufalme wa Wazungu ni wa Shetani, saa yake imefika, Mungu anakuja kutawala na kodi inaisha. Sasa muweke hayo masikio mwa mtu anayelipa kodi kwa fimbo. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, walimuita Mwana Lesa, Mwana wa Mungu, alivuka mpaka akaingia Katanga anabatiza watu, na ubatizo wake ulikuwa wa kutafuta wachawi, na wale alisema ni wachawi walikufa majini, wengi. Akakamatwa upande wa Rodezia, wakamunyonga mwaka 1926. Basi hapo munaona, mutu anaanza na kumutafuta Shetani, anamaliza na maiti za majirani.

Kwetu huku ilikuwa 1944, Masisi, na Bushiri, aliyeongoza watu wa Kitawala. Ilienea mpaka upande wa Lubutu. Baba yangu alikuwa kijana mudogo, alisema watu waliacha mashamba juu dunia mpya inafika, wakasimama na ile serikali, na Wabeleji waliizima kwa nguvu sana. Alikuwa akifika hapo kwa hadisi anakohoa, anaomba maji, haendelei. Sikujua kamwe alichoona.

Kaka wa Kadutu ataniambia kama nakosa, lakini mwaka ule ule wa 1944, mwezi wa saba, Roma ilitoa neno kwamba hata ile miaka elfu ya upole, Kristu anatawala duniani kwa kuonekana, haiwezi kufundishwa kwa usalama. Hawakusema juu ya Masisi, sizani walisikia hata jina ya Masisi. Lakini mie nilipojua zile mbili zina mwaka moja niliweka chini kikombe.

Mashahidi wa Yehova wa leo wanasema Kitawala si yao, na ni kweli, ni jirani tu wa jina. Wao wanafundisha Shetani alitupwa duniani 1914 na atafungwa bado, Har-Magedoni kwanza. Watu wa muhubiri Branham wanasema miaka elfu ni mwezi wa asali wa Bibi-arusi. Na kulikuwa wamisionari wa zamani, leo hawaonekane sana, walioamini Injili itashinda dunia polepole mpaka yenyewe iwe ile miaka elfu, kisha Yesu arudi. Vita ya 1914 iliwavunja moyo wengi.

Siwakatazi kubishana. Nasema tu, binti yangu mwalimu, ukifundisha Ufunuo 20, angalia mutoto asitoke pale anatafuta Shetani kwa shangazi yake.

Frère_wa_Kadutu (Bukavu)

Hapana Muzee haukosi. Ni Ofisi Takatifu, ile ya Roma ya kulinda mafundisho, Julai 1944, na hata Katekisimu namba 676 inarudi pale, inakataa ile wazo hata ikipunguzwa, zaidi sana ikigeuka kuwa siasa. Asante kwa hadisi ya baba.

Maman_Segond (Bukavu)

Mwalimu mwenzangu, na mie ni wa Ekodim, miaka 14 sasa, nisikize kwa ile ya ziwa la moto na kuzimu, maana batoto bangu nao walinipigaka pale.

Shida moja iko kwa Kiswahili yetu. Angalia ile Biblia ya Kiswahili ya Union, Ufunuo 20:1 malaika ana "ufunguo wa kuzimu". Enda 20:13, "Mauti na Kuzimu" zinatoa wafu. Neno moja, si ndiyo? Mutoto anafikiri ni pahali pamoja, Shetani anakaa na marehemu babu yake. Sasa kamata Segond, ile Biblia ya Kifaransa: ya kwanza ni abîme, ya pili ni séjour des morts. Kwa Kigiriki ni abusso na hadesi. Abusso ni lile shimo lisilo na chini, ndilo wale pepo wa Luka 8:31 walimuomba Yesu asiwatume. Na ziwa la moto ni kitu cha tatu, Shetani anaingia kule mwisho kabisa, mustari wa 10, na hatoke tena. Kwa hiyo shimo ni kama kasho ya kungoja, ziwa ni hukumu. Mie nachora masanduku matatu ubaoni, wanaelewa kuliko wazazi wao.

Na Nyiragongo mwambie tu ni mulima, Mungu aliuumba, siku moja unalala siku moja unaamuka. Usicheke bibi yake mbele yake.

Alafu kitu cha pili. Ile kufunga ya Ijumaa tunaitoaka Matayo 16:19 na 18:18, lolote mtakalolifunga duniani. Soma mistari iko kando: ndugu aliyekosa, mashahidi wawili, kuliambia kanisa. Ni mambo ya kanisa kukataza na kuruhusu, waalimu wa Kiyahudi walikuwa wanaongea hivyo. Shetani hatajwi pale. Siwaambii watu waache mukesha, mie mwenyewe niko korali ya mukesha, lakini nilianza kusema "Bwana mukemee" kuliko "tunakufunga", Yuda 9, hata Mikaeli malaika mukubwa alisema vile tu. Wamama waliniangalia vibaya mwezi moja.

Mwalimu_wa_Ekodim (Goma)

Jamani merci sana, nimesoma yote mara mbili, nimeandika ku kaye. Muzee, nimekusikia, ile ya shangazi imeniingia, mu kartie yetu iko mama moja banamusemea vile na batoto bake banakuja ku klasi yangu.

Lakini acha niwaambie kitu bila mukasirike. Mumebishana lini anafungwa, wapi anafungwa, na munyororo ya namna gani. Mutoto hakuuliza ile! Aliuliza nani anamufungua. Na sasa naangalia mwisho wa mustari wa 3, "yapasa afunguliwe muda mchache". Yapasa! Hata kama ni ya zamani hata kama ni ya kesho, bote munafika pale. Nani, na juu ya nini?

Lushois_Kenya (Lubumbashi)

Ayayaa. Mutoto ametushinda bote.

Sisi tunajibukaka hivi. Miaka elfu Yesu anatawala, hakuna vita, hakuna njaa, hakuna Shetani. Bantu banazaliwa mule ndani, hawajaona mubaya hata siku moja. Anafunguliwa, na bengi banamufuata, wengi kama muchanga wa bahari, Gogu na Magogu. Basi hakuna tena muntu wa kusema "Shetani njo alinisukuma". Ilikuwa ndani ya roho yake yote ile wakati. Miye hii jibu inaniogopeshaka kuliko joka.

Sabato_Njema (Goma)

Kwetu hata haiombi ufunguo. Wafu waovu wanafufuka mwisho wa miaka elfu, mustari wa 5, na papo hapo yuko na watu wa kudanganya tena. Kurudi kwa wanunuzi ndiyo kumufungua. Komersa ananielewa.

Komersa_Virunga (Goma)

Nimeelewa na sipendi mufano.

Frère_wa_Kadutu (Bukavu)

Agostino aliuliza swali hilo hilo dada, sehemu ya 20 tena. Anasema kama hangefunguliwa hata siku moja, hatungejua ni adui wa nguvu gani aliyeshindwa, wala uvumilivu wa Mji Mtakatifu haungeonekana. Niliisoma nikiwa na miaka 22 nikaona ni nzuri. Nimeisoma tena mwaka 2025, baada ya vita kufika hapa Bukavu mwezi wa Februari, na sitaficha, niliifunga nikaenda kutembea. Bado naiamini. Lakini niliifunga.

Kwa nani, ni mustari wa 1. Ufunguo uko mukononi mwa malaika, na malaika ametoka mbinguni.

Mwalimu_wa_Ekodim (Goma)

Sawa. Basi siku ya Mungu nitaanzia pale pa ufunguo. Nitamuambia Shetani hana ufunguo wake, na sisi ba mukesha hatuna, uko kwa mwenye alituma malaika, Ijumaa tunaendaka kuongea na ule Mwenye ufunguo. Na nitachora ile masanduku tatu. Akiniuliza tena juu ya nini Mwenye ufunguo anafungua, nitamuambia iko papa moja Kadutu alifunga kitabu akaenda kutembea.

Pasta amesema atakuja kukaa nyuma ya klasi. Muniombee.